Kiswahili cha tarakilishi hakitajiandika

Kila ifikapo Julai 7, siku ambayo UNESCO iliitenga mwaka wa 2021 iwe Siku ya Kiswahili Duniani, sifa za lugha yetu humiminwa kutoka kila jukwaa. Tunakumbushwa kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na tena lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na kwamba kimekubaliwa katika vikao vya Umoja wa Afrika. Wasemaji hushangiliwa na mashairi hughanwa. Kisha hadhira hutawanyika, kila mmoja huitoa simu yake mfukoni, na simu hiyo humsemesha kwa Kiingereza.

Hali ni hiyo hiyo shuleni na vyuoni. Mwalimu wa Kiswahili huandaa maazimio yake ya kazi na mitihani yake kwa programu ambayo amri zake zote ni za Kiingereza, na ambayo humpigia mstari mwekundu chini ya takriban kila neno analoliandika, kana kwamba amekosea. Mwanafunzi anayeiona lugha yake imepigiwa mistari myekundu ukurasa mzima hufunzwa somo ambalo hakuna mwalimu aliyelikusudia: kwamba Kiswahili ni kosa linalongoja kusahihishwa.

Nani atatuondolea aibu hii? Wengi wetu tumezoea kujibu kwamba ni kazi ya makampuni makubwa ya ng'ambo, au ya serikali, au ya wahandisi. Rai yangu ni tofauti. Dawa i karibu nasi kuliko tunavyodhani, nayo ni kujitolea katika miradi ya programu huria. Isitoshe, nadai kwamba katika miradi hiyo anayekosekana zaidi kwa upande wa Kiswahili si mhandisi. Anayekosekana ni mtu anayeijua sarufi.

Pengine nianze na neno lenyewe. Kiingereza kina neno moja, 'free', linalobeba maana mbili: kitu kisicholipiwa, na kitu kisichofungwa. Wapenzi wa programu hizi walihangaika sana na utata huo, hata mwaka wa 1998 baadhi yao wakabuni jina jingine kabisa. Kiswahili hakina tatizo hilo. Sisi tuna bure, na tuna huru. Na kutokana na huru tuna huria, neno tulilolizoea katika soko huria. Programu huria, basi, ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya mwandishi yanayoiamuru mashine itende nini, umewekwa wazi. Yeyote anaruhusiwa kuitumia programu hiyo, kuisoma, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Mara nyingi hailipiwi, lakini ubure si kiini chake. Kiini ni ruhusa ya kutia mkono.

Fikra hii si mpya. Richard Stallman, Mmarekani, alitangaza mradi wake wa GNU mwaka wa 1983, na mwaka wa 1989 akatoa leseni inayomlazimu anayeirekebisha programu na kuigawa kuwaachia wengine uhuru ule ule alioukuta yeye. Mwaka wa 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa umri wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, aliuweka wazi msimbo wa kiini cha mfumo wa tarakilishi alioanza kuuandika kwa kujifurahisha, akaomba maoni. Maoni yalikuja, na baada ya maoni zikaja mikono. Hivi leo simu zote za Android zinaendeshwa kwa kiini hicho cha Linux, na tangu Novemba 2017 tarakilishi 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa nacho pia. Kilichoanzishwa na mwanafunzi mmoja kilikuzwa na maelfu, wengi wao wakiwa hawajapata kuonana ana kwa ana.

Wala sisi Wakenya si wageni katika ngoma hii. OpenMRS, mfumo huria wa kuhifadhi rekodi za wagonjwa ulioasisiwa mwaka wa 2004, una mizizi yake Eldoret, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na hospitali yake ya rufaa pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani. Umeenea katika nchi nyingi zenye uhaba wa fedha. Mwezi Januari 2008, nchi yetu ilipokuwa ikiungua baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya na marafiki zao walitunga kwa siku chache programu ya kupokea taarifa za ghasia kutoka kwa wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Waliiita Ushahidi. Mwaka wa 2010 programu hiyo hiyo ilitumiwa nchini Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Dunia ya tarakilishi ikajifunza neno moja la Kiswahili. Yako maelfu mengine yanayongoja.

Jirani zetu wa Tanzania walitutangulia katika kuyaingiza maneno hayo. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia nyaraka na kupiga hesabu ambayo amri zake zilikuwa za Kiswahili. Kazi hiyo, ambayo wanaisimu huiita ujanibishaji, iliwezekana kwa sababu OpenOffice ilikuwa programu huria. Hakuna aliyehitaji kupiga magoti kwa mwenye mali. Kampuni ya Microsoft nayo ilitoa kifurushi cha Kiswahili cha mfumo wake wa Windows XP, jambo ambalo ni la kupongezwa. Lakini tazama tofauti. Mwalimu aliyeona neno baya katika kifurushi cha Microsoft hakuwa na la kufanya ila kunung'unika; na kampuni ilipoacha kuihudumia Windows XP mwaka wa 2014, hatima ya maneno yale ilibaki mikononi mwake peke yake. OpenOffice kwa upande wake iligawanyika mwaka wa 2010, ikazaliwa LibreOffice, na LibreOffice ikarithi msimbo na tafsiri. Kiswahili kimo humo hadi leo, na neno baya lililomo laweza kurekebishwa na msomaji wa makala haya.

Hata hivyo, tafsiri ya programu si jiwe la kaburi, kwamba ukishalichonga umemaliza. Kila toleo jipya huja na sentensi mpya, na kila sentensi isiyotafsiriwa hubaki katika Kiingereza. Mradi ukikosa wa kuutazama kwa miaka michache, mtumiaji hukuta mchanganyiko usiopendeza: amri moja ya Kiswahili, ya pili ya Kiingereza, ya tatu ya Kiswahili. Mtumiaji huyo husema Kiswahili hakifai kwa tarakilishi, na kurudi kwenye Kiingereza. Lugha husingiziwa kosa la wenyewe waliotoweka.

Sasa niingie katika sarufi, maana hapo ndipo mwalimu anapohitajika. Watu hudhani kutafsiri programu ni kutafuta istilahi tu. Laiti ingekuwa hivyo! Mwandishi wa programu anayefikiri kwa Kiingereza huandika sentensi moja yenye pengo, kisha huiacha mashine ilijaze pengo hilo kwa jina lolote: kitu fulani kimefutwa. Kwa Kiingereza sentensi hiyo haibadiliki hata kidogo. Kwa Kiswahili, picha imefutwa, ujumbe umefutwa, kiungo kimefutwa, jina limefutwa, na mtumiaji amefutwa. Sentensi moja ya Kiingereza imezaa tano, na mashine haijui ichague ipi. Mtafsiri asiyefikiri huandika 'imefutwa' kwa yote, na mtumiaji hukutana na 'ujumbe imefutwa', Kiswahili ambacho mwanafunzi wa darasa la nne angekatwa alama kwacho.

Mwanasarufi anayajua majibu mawili. La kwanza ni kuwaandikia wenye mradi na kuwaeleza kwamba sentensi hiyo yapasa kugawanywa, kila nomino na sentensi yake. Katika mradi huria ombi kama hilo husomwa, hujadiliwa hadharani, na mara nyingi hukubaliwa. La pili ni ujanja wa kisarufi: kuigeuza kiima iwe kitenzi-jina. 'Kufuta picha kumekamilika', 'kufuta ujumbe kumekamilika', 'kufuta kiungo kumekamilika'. Upatanisho umefungwa katika ngeli ya ku-, na jina litakalojaza pengo halina tena uwezo wa kuuvuruga. Hakuna mhandisi wa Helsinki wala wa California atakayeliwaza jambo hilo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa isimu anaweza kuliwaza akiwa matatuni.

Kuna wanaosema kwamba zana za kigeni haziwezi kupindwa zifuate lugha zetu. Historia ya programu huria inawakanusha. Zana inayoitwa gettext, ambayo miradi mingi huitumia kutafsiria, haidhani kwamba kila lugha ina umoja na wingi kama Kiingereza. Kila lugha huruhusiwa kueleza kanuni zake, na Kiarabu hupewa maumbo 6 ya idadi. Mfano wa pili unatuhusu zaidi. Vikagua tahajia vya zamani vilitegemea orodha ya maneno pamoja na viambishi vichache, mpango uliokitosha Kiingereza. Kihungari, kama Kiswahili, ni lugha ambishi ambayo mzizi mmoja hubeba viambishi chungu nzima, na orodha yake haina mwisho. László Németh, Mhungari, hakuingoja kampuni. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, aliuchukua, akaupanua uweze kuyachambua maneno ya lugha yake, akauita Hunspell. Leo Hunspell ndicho kikagua tahajia cha LibreOffice, cha Firefox na cha programu nyingine nyingi. Kidonda cha Kihungari kikawa dawa ya lugha nyingine.

Je, Kiswahili? Faili la tahajia ya Kiswahili limo katika LibreOffice, na waliolitunga wanastahili heshima. Lakini fikiria neno kama 'hawatatupigia'. Limo ndani yake kikanushi, nafsi, wakati, mtendwa, mzizi, kauli ya kutendea na kiishio, vyote katika neno moja, na vingi vikitangulia mbele ya mzizi badala ya kuufuata. Kuvieleza viambishi hivyo kwa kanuni ambazo mashine inazielewa ni kazi ya mofolojia tupu. Tasnifu ngapi za mofolojia ya kitenzi cha Kiswahili zimerundikana katika maktaba za vyuo vyetu? Elimu ya kuifuta ile mistari myekundu imo humo, imefungiwa baina ya majalada magumu.

Ama kuhusu istilahi, sote twajua ubishi wetu. Huyu anasema tarakilishi, yule kompyuta, wa tatu ngamizi. Huyu nywila, yule nenosiri. Ubishi huo umetula miaka katika makongamano, huku mtumiaji akiendelea kusema 'password'. Mradi huria huulazimisha ubishi ufike mwisho, kwa sababu kitufe kimoja hakiwezi kubeba maneno matatu. Wahusika hukubaliana, huandika faharasa iliyo wazi kwa wote, na neno huanza kutumika siku hiyo hiyo. Likikataliwa na watumiaji, hurekebishwa katika toleo lijalo. Tazama 'pakua' na 'pakia': ni maneno yaliyotoka jikoni, bandarini na kwenye malori, na leo kijana yeyote anayatumia kwa muziki na picha bila kukunja uso. Istilahi hukomaa kwa kutumiwa.

Najua hoja za wapinzani, na baadhi zina uzito. Ya kwanza ni kwamba mkono mtupu haulambwi. Twawezaje kumwomba kijana asiye na ajira afanye kazi bure, ilhali makampuni tajiri yanazitumia programu hizo hizo kujitajirisha? Swali hili ni la haki, na atakayelijibu kwa mahubiri anamdanganya kijana. Ni kweli kwamba wengi wanaoiandika Linux sasa ni waajiriwa wa makampuni. Ni kweli pia kwamba kujitolea kusikokuwa na mpaka ni unyonyaji wenye sura nzuri. Ninachosema ni kwamba kijana huyo hatoki mikono mitupu. Kila alichochangia hubaki hadharani kwa jina lake, pamoja na mjadala ulioandamana nacho, na mwajiri anaweza kukisoma. Iko pia mipango inayowalipa posho wanaoanza, kama vile Google Summer of Code iliyoanza mwaka wa 2005, na Outreachy. Lakini mzigo mkubwa ni wetu sisi wenye mishahara: wahadhiri, walimu, taasisi. Si haki kumtuma mwanafunzi shambani tukabaki kivulini.

Hoja ya pili ni ya usalama. Kitu kinachoandikwa na yeyote kitaaminiwaje? Penye wengi hapaharibiki neno, lakini pia manahodha wengi chombo huenda mrama. Jibu ni kwamba kuchangia si kuamua. Mchango huitwa kiraka, nao hukaguliwa na wasimamizi kabla ya kushonwa mahali pake. Ukaguzi huo huzorota pale wasimamizi wanapokuwa wachache mno. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa kwamba programu ndogo iitwayo xz, ambayo kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja wa kujitolea, ilikuwa imetiwa mlango wa siri na mgeni aliyejipatia imani yake kwa takriban miaka miwili. Aliyeugundua, Andres Freund, alishuku kwa sababu mashine yake ilichelewa nusu sekunde. Aliweza kuufuatilia mpaka shinani kwa kuwa kila kitu kilikuwa wazi. Funzo la kisa hicho ni kwamba mradi unaoachiwa mtu mmoja ni nyumba yenye nguzo moja.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoisikia mara nyingi siku hizi: mashine za kutafsiri zimekuja, ya nini kumtoa mtu jasho? Waama mashine zimeendelea. Lakini mpe mashine neno 'open' likiwa peke yake kwenye kitufe. Je, ni 'fungua' au ni 'wazi'? Anayejua ni yule anayeitazama programu yenyewe. Zaidi ya hayo, mashine hizo zilijifunza Kiswahili kutokana na matini zilizokuwa wazi, zikiwamo tafsiri za programu huria. Tukiacha tafsiri mbovu leo, tunamlisha mwalimu wa kesho sumu, naye ataifundisha kwa wanafunzi wengi kuliko sisi sote kwa pamoja.

Basi, tuanzie wapi? Asiyejua kuandika msimbo hata mstari mmoja ana nafasi yake. LibreOffice na Firefox hutafsiriwa kupitia kurasa ambazo mtu hujisajili, akasoma mwongozo, akaanza na sentensi 10. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ulioanza mwaka wa 2017 na ambao Kiswahili kimo ndani yake, huomba watu wasome sentensi kwa sauti na kuzihakiki sauti za wengine, ili mashine zijifunze kuisikia lugha yetu. Sauti hizo hutolewa kwa wote, makampuni yakiwamo, na mshiriki apaswa kulijua hilo kabla ya kuanza. Hapo mwanafunzi wa Lamu na wa Kakamega wote wana cha kutoa, maana mashine iliyozoea lafudhi moja ni kiziwi kwa nyinginezo.

Kwa idara za Kiswahili na isimu nina mapendekezo matatu. Mosi, zoezi la tafsiri katika kozi zetu liwe sehemu halisi ya programu halisi, badala ya aya ya gazeti inayosahihishwa na kutupwa. Pili, mchango uliokubaliwa na mradi uhesabiwe katika alama za mwanafunzi, na pia katika kupandishwa cheo kwa mhadhiri, kama unavyohesabiwa ukurasa wa jarida. Tatu, kila idara ichague mradi mmoja na iukubali kwa miaka, si kwa muhula. Kundi linalohitimu likabidhi faharasa na mazoea kwa kundi linaloingia. Shule za upili nazo zina vyama vya Kiswahili vinavyongoja shughuli zaidi ya mdahalo na ngonjera. Na mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi ajifunze kwa kuihudumia jamii yake. Ni huduma gani iliyo karibu zaidi na somo lenyewe?

Wazee wetu waliposikia mbiu ya msaragambo hawakuuliza kwanza kisima kitakuwa cha nani. Walitoka na majembe, kwa sababu walijua nani atakunywa. Julai 7 itafika tena na hotuba zitasomwa. Itafaa kama, baada ya hotuba, mwalimu ataweza kuwaonyesha wanafunzi wake amri moja tu kwenye kioo cha tarakilishi, iliyoandikwa kwa upatanisho sahihi, na kuwaambia ni mwenzao yupi aliyeiandika.